Matunda, asali, utomvu au nafaka: pombe ya kwanza ilitokana na nini? Chagua upande wako

Ukiingia kwenye mjadala wa pombe ilianzia wapi unakuta watu wameshagawana kambi zamani. Mmoja anashikilia Wamisri, mwingine Wachina, yupo wa Georgia (ile nchi ya Kaukasi, si jimbo la Marekani), halafu yupo yule wa "mababu walikuta matunda yamechacha chini ya mti wakala wakachangamka, basi". Shida ni kwamba kila mmoja anajibu swali lake. Kukikuta kilevi porini ni jambo moja, na kukitengeneza makusudi, yaani mtu kaamua leo nataka pombe na anajua afanye nini ili keshokutwa iwepo, hilo ni jambo lingine kabisa, na mgombea anayeshinda kwenye la kwanza anaweza akaanguka vibaya kwenye la pili.

Kwa hiyo hapa nawaweka wagombea wanne: matunda, asali, utomvu wa miti, nafaka. Napima vitu vichache tu. Je, ingeweza kutokea yenyewe bila mtu kushika chochote? Inahitaji chombo au ufundi gani? Inatoa kilevi cha maana au harufu tu? Na je, kuna kitu kimechimbwa ardhini kinachothibitisha, au ni stori nzuri tu?

Kabla ya yote, gongo, chang'aa na waragi zitoe kwenye hesabu. Zile za kuchemsha na kukusanya mvuke ni ufundi wa juzi tu ukilinganisha na umri wa hii habari. Mtu wa kale alikuwa anakunywa kitu kilichochachuka chenyewe, na kuchachuka kuna ukomo, kilevi kikifika kama asilimia 15 hivi chachu nyingi zinaanza kufa kwa kilevi chake zenyewe. Chachu ndo mpishi halisi hapa, vijidudu vya jamii ya fangasi ambavyo viko kwenye maganda ya matunda, kwenye maua, hata kwenye miili ya nyuki na nyigu, vinakula sukari vinatoa kilevi na ile gesi ya povu. Louis Pasteur anakuja kuonyesha kwamba hii ni kazi ya viumbe hai ni miaka ya 1850 huko Ufaransa, ina maana kwa maelfu ya miaka watu walikuwa wanaivisha kitu wasichokijua kinafanyaje kazi na wanakipatia vizuri tu.

Matunda: stori tamu, kilevi kidogo

Huyu ana sapota wengi, na kusema ukweli ana hoja. Robert Dudley, mwanabiolojia wa Berkeley kule Marekani, tangu mwaka 2000 anasema kwamba jamii ya nyani walikuwa wanafuata harufu ya kilevi kwa sababu harufu ile inawaambia wapi kuna tunda lililoiva, lenye sukari. Baadaye watu wa jenetiki wakaja na kitu kizito zaidi. Kuna kimeng'enya mwilini kinaitwa ADH4, kazi yake kuvunjavunja kilevi tumboni kabla hakijasambaa. Timu ya Matthew Carrigan ilionyesha mwishoni mwa 2014 kwamba kama miaka milioni 10 iliyopita, kwenye babu tunayechangia sisi, sokwe na sokwemtu, kimeng'enya hiki kilibadilika kikawa na uwezo mara 40 hivi kuliko cha zamani. Orangutani wa Asia hawana mabadiliko hayo. Maelezo yao ni kwamba huyo babu alianza kushuka chini, na chini ndo kuna matunda yaliyoanguka, na yaliyoanguka ndo yanayochacha.

Halafu mwaka 2025 watafiti wakapima matunda ambayo sokwemtu wanakula Ngogo, ndani ya msitu wa Kibale hapo Uganda, na Taï kule Ivory Coast. Kilevi kwenye tunda ni wastani wa asilimia 0.3 hivi, kidogo sana, ila sokwemtu anakula kama kilo nne na nusu za matunda kwa siku, kwa hiyo jumla inafika takriban gramu 14 za kilevi kila siku, inakaribia chupa ndogo ya bia. Halewi, maana anakula asubuhi mpaka jioni.

Hapo hapo ndo udhaifu wa mgombea huyu unapoonekana. Tumbo linajaa kabla kichwa hakijachangamka. Ile hadithi maarufu ya tembo wanaolewa kwa matunda ya mng'ongo ilipigiwa hesabu mwaka 2006, ikaonekana kwamba tembo kwa ukubwa wake angetakiwa ale kiasi cha matunda ambacho hakiwezekani. Kwa hiyo matunda yanaeleza vizuri kwa nini miili yetu inakivumilia kilevi na kwa nini ulimi unakipenda, lakini hayaelezi mtungi.

Isipokuwa zabibu. Zabibu ni kesi ya pekee, sukari yake iliyoiva inaweza kupita asilimia 20, juisi ni nyingi, chachu ipo kwenye ganda, ukizirundika kwenye chombo zile za chini zinapasuka kwa uzito wa zenzake na mvinyo unaanza bila kumuuliza mtu. Na ushahidi wake ni safi kuliko wa mgombea yeyote, kwa sababu zabibu zinaacha asidi ya tartariki ndani ya chungu na asidi hiyo ni ngumu kupatikana kwa bahati mbaya kwenye maeneo yale. Georgia, kwenye vilima vya Gadachrili Gora na Shulaveris Gora, vyungu vya miaka 6000 hadi 5800 KK (matokeo yalitoka 2017). Hajji Firuz Tepe, Iran, miaka 5400 hadi 5000 KK, na hao walishaanza kuchanganya na ulimbo wa mti ili mvinyo usigeuke siki haraka.

Ila angalia tarehe. Hao wote wana vyungu, wana mashamba, wana nyumba. Ni mafundi hao. Ukimtumia Mgeorgia kujibu swali la "binadamu aligunduaje pombe" umemtaja mtu aliyekuja wakati sherehe imeshaanza.

Asali: dau langu mimi

Asali yenyewe haichachuki kirahisi, na hilo watu wengi hawalijui. Ina maji chini ya asilimia 20 na sukari imejaa mno, chachu zimo ndani lakini zimebanwa haziwezi kufanya chochote. Sasa iongezee maji. Basi, imeisha, siku chache tu na una kilevi cha nguvu kuliko tunda lolote la porini. Haitaki kusaga, haitaki moto, haitaki kimea.

Na maji hayo hayahitaji mtu. Mzinga wa porini uko ndani ya shimo la mti, tawi likivunjika au mti ukianguka, mvua inaingia, nyuki wanahama, yale masega yanabaki yanaelea kwenye dimbwi la maji matamu. Mtu anayefuata asali akipita pale wiki inayofuata anakuta kinywaji. Akirudi nyumbani anachotakiwa kukumbuka ni kitu kimoja tu: asali, maji, subiri. Kuiga huku ni kwepesi kiasi kwamba sioni mgombea mwingine anayefika hapa.

Je, watu wa kale walikuwa wanaipata asali? Hilo halina ubishi. Border Cave, Afrika Kusini, kimepatikana kibonge cha nta ya nyuki kilichofungwa na nyuzi za mmea, umri wake kama miaka 40,000. Hispania, kwenye mapango ya La Araña jimbo la Valencia, kuna mchoro wa kale wa mtu ananing'inia kwenye kamba na chombo mkononi, nyuki wamemzunguka. Na si lazima uende huko, Wahadzabe pale Ziwa Eyasi mpaka leo wanapigilia vigingi kwenye mbuyu wanapanda juu, wanafuata yule ndege anayewaita kwa kelele mpaka kwenye mzinga, ndege anakula nta na watoto wa nyuki, watu wanachukua asali. Urafiki wa namna hiyo kati ya ndege na binadamu haujazaliwa jana.

Chombo nacho hakisumbui. Kibuyu kinaota chenyewe. Ngozi ya mnyama inatosha. Shimo kwenye mwamba linatosha.

Tatizo lake ni ushahidi, na hapa lazima niwe mkweli hata kama ndo upande wangu. Sukari ya asali inayeyuka na kupotea, kinachobaki ni nta tu, na nta inasema kulikuwa na asali, haisemi ilichachushwa. Kibuyu kinaoza, ngozi inaoza. Kwa hiyo ukiwa mtu wa "nionyeshe kwanza", asali itakuudhi. Tunachokiona ni kwamba popote Afrika penye mizinga kuna pombe ya asali: teji ya Ethiopia, muratina ya Kenya inayochachushwa kwa tunda la mwegea, wanzuki ya Tabora. Hiyo si tarehe, ni dalili tu kwamba watu tofauti wanafika pale pale bila kufundishana.

Utomvu: haraka kuliko wote

Huyu anasahaulika kwa sababu mjadala mwingi umeandikwa na watu wa nchi za baridi. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa, tembo la mnazi likigemwa asubuhi ni tamu, jioni linauma, kesho yake limeshaelekea siki. Utomvu wa mitende na jamii zake una sukari ya kutosha na chachu inadondokea humo humo kutoka hewani na kwa wadudu, hakuna cha kuongeza. Nyanda za juu Iringa na Njombe ni mwanzi, unakata ncha msimu wa mvua, unatega, unapata ulanzi.

Na kwa utomvu kuna mashahidi ambao si binadamu. Bossou, nchini Guinea, sokwemtu wameonekana wanapanda mirafia ambayo wagema wa kijijini wameacha vyombo vyao juu, wanatafuna majani yanakuwa kama sponji, wanachovya, wanafyonza. Kimberley Hockings na wenzake walichapisha 2015 kumbukumbu za miaka 17, kilevi kilikuwa wastani wa asilimia 3.1 na mara nyingine kinafika 6.9. Hiyo ni bia kabisa, na wengine walionekana wamelala baada ya hapo.

Lakini soma vizuri: chombo kimewekwa na mtu. Sokwemtu kaiba, hajagema. Porini utomvu unatoka kidogo kwenye jeraha la mti na unakauka au unaliwa na wadudu, ili upate wa kunywa lazima mtu akate kwa makusudi na atege kitu chini. Hapo utomvu unakuwa nyuma ya asali hatua moja. Na kwa sisi wa Afrika Mashariki kumbuka mnazi wenyewe ni mgeni, ulikuja kwa bahari, kwa hiyo ukiutetea utomvu tetea mvumo, mrafia au mwanzi, usimtetee mnazi. (Ndizi ndo hivyo hivyo, mbege na rubisi ni pombe za heshima ila mgomba asili yake ni huko Asia ya kusini mashariki na New Guinea, haukuwepo hapa enzi hizo.)

Nafaka: kazi kubwa, ushahidi mwingi, na ugomvi

Nafaka ndo mgombea mwenye safari ndefu, kwa sababu mtama, shayiri au mchele hauna sukari ya kutosha, una wanga, na chachu haili wanga. Lazima wanga ugeuzwe sukari kwanza. Watu wa kale walipata njia tatu na kila moja inashangaza ukiifikiria: kuotesha mbegu mpaka iwe kimea halafu unaikausha na kuisaga, kutafuna na kutema ili mate yafanye kazi (chicha ya Andes ilikuwa inafanywa hivyo), au kutumia ukungu kama Wachina. Ukishajua togwa unajua tayari nusu ya habari, uji umetiwa kimea umekuwa mtamu, ukiuacha zaidi ya muda wake unaanza kuchangamka. Ajali inawezekana basi: nafaka imelowa na mvua, imeota, mtu hataki kuitupa akaipikia uji, uji ukasahaulika. Ila hesabu hatua zilizopo hapo halafu linganisha na asali na maji.

Pamoja na hayo, nafaka ndo inayodai tarehe ya zamani kuliko wote. Pango la Raqefet, mlima Karmeli, Israel, kwenye makaburi ya watu wa kale wanaoitwa Wanatufi, walioishi kabla ya kilimo, kuna vinu vilivyochongwa kwenye mwamba. Li Liu wa chuo cha Stanford na wenzake walisema 2018 kwamba mabaki ya wanga ndani yake, ya miaka 13,000 hivi, yameharibika kwa namna inayofanana na kimea kilichopikwa na kuchachushwa. Wenyewe wanasema isingefanana na bia ya chupa, ingekuwa nzito kama uji, na msomaji aliyewahi kushika kata ya busaa hapo hashangai hata kidogo. Wapo wanaobisha kwamba wanga unaweza kuharibika vile kwa upishi wa kawaida tu, na ubishi huo una msingi, kwa hiyo Raqefet ichukue kama dai lenye uzito, usiichukue kama risiti.

Göbekli Tepe, Uturuki, inatajwa sana pia. Kuna mabirika makubwa ya mawe, mengine ya lita 160, ya zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, mahali pa mikusanyiko mikubwa. Walipima wakakuta dalili za oksaleti, ambayo bia ya shayiri huiacha, lakini majibu hayakuwa ya uhakika. Anayekuambia "walikuwa wanapika bia Göbekli Tepe" kaongeza chumvi.

Na hapa ndo ule ugomvi wa mkate na bia unapoingia. Mwaka 1953 mwanaakiolojia Robert Braidwood aliitisha mjadala wa wataalamu, swali likiwa kama binadamu alianza kulima ili apate bia badala ya mkate. Wazo tamu hilo, watu wanalirudia mpaka leo kama limethibitishwa. Halafu 2018 hiyo hiyo, Shubayqa kule Jordan, yakapatikana makombo ya mkate yaliyoungua ya miaka 14,400, na waliouoka ni Wanatufi hao hao. Mkate umeitangulia bia ya Raqefet kwa zaidi ya miaka elfu, na wote wawili wametangulia kilimo. Kwa hiyo kwa ushahidi uliopo mezani, ukisema kilimo kilianza kwa ajili ya bia unatakiwa ueleze huo mkate umefikaje hapo.

Ukitaka nafaka isiyo na ubishi wa maana, shuka chini kwenye miaka ya karibu. Godin Tepe, Iran, kati ya 3500 na 3100 KK, ukoko wa oksaleti kwenye mifereji ya chungu. Au Abydos, Misri, zama za mfalme Narmer, takriban 3100 KK, kiwanda kilichotangazwa 2021 ambacho kwa makadirio kilitoa lita 22,400 kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni serikali inapika pombe kwa ajili ya ibada za wafalme, ugunduzi ulishasahaulika zamani.

Halafu kuna Jiahu, anayeharibu mchuano

Kijiji cha Jiahu, mkoa wa Henan, China, miaka 7000 hadi 6600 KK. Patrick McGovern na timu yake walipima vigae vya mitungi wakachapisha 2004, na walichokuta ni mchele, asali, na tunda, zabibu pori au tunda jingine la milimani lenye asidi ile ile, vyote kwenye chombo kimoja. Yaani sisi tumekaa tunagawa timu, wao walimwaga kila chenye utamu kwenye mtungi mmoja. Na ukifikiria kiufundi wamepatia sana, asali na tunda vinaleta sukari ya haraka na chachu, mchele unaongeza mwili na nguvu, kila kimoja kinaziba udhaifu wa mwenzake. Mimi nadhani mapishi ya kwanza ya makusudi yalifanana na haya, mchanganyiko, na pombe ya kitu kimoja ilikuja baadaye watu walipoanza kuwa na mashamba makubwa na ladha za kuringia.

Sasa uchague vipi

Kama unachotaka ni ushahidi wa kemia ambao hata mbishi atanyamaza, chukua Jiahu kwa kinywaji cha mchanganyiko, Georgia kwa mvinyo. Usiende nyuma zaidi ya hapo.

Kama unataka tarehe ya mbali na uko tayari kubishana, chukua Raqefet, ila weka neno "huenda" mbele na uwe umejiandaa kuhusu Shubayqa.

Kama swali ni kwa nini binadamu anakipenda kilevi na mwili wake unakiweza, hapo matunda, na ADH4 ndo turufu yako. Wengi wanakosea kuichukua turufu hiyo wakaitumia kwenye swali la nani alipika kwanza, haihusiani, miaka milioni 10 iliyopita hakukuwa na mtu wala kibuyu.

Na kama swali ni mtu wa kwanza kabisa alijifunzaje kuitengeneza, hapo hakuna kigae kitakachokusaidia, unabaki na mantiki ya kipi kinatokea chenyewe mara nyingi, kinalewesha kweli, na kinaigwa bila ufundi. Kwa vipimo hivyo asali ya kwanza, utomvu wa pili, zabibu ya tatu kwa waliokuwa wanaishi nazo, nafaka ya mwisho.

Kitu kimoja usikubali kudanganywa nacho ni ramani. Ukiweka alama kwenye maeneo yote ya ushahidi wa pombe ya kale niliyoyataja unapata China, Mashariki ya Kati, Kaukasi, Misri, na Afrika kusini mwa Sahara inabaki nyeupe kama vile watu walikuwa wanakunywa maji tu. Sababu kubwa ni vyombo. Mtungi wa udongo unakaa miaka 9000, kibuyu na gome havikai hata mia kwenye ardhi yetu ya mvua na mchwa. Kwenye pango la Ngalue, Msumbiji, karibu na Ziwa Nyasa, Julio Mercader alitangaza 2009 chembe za wanga wa mtama kwenye zana za mawe za miaka kama 105,000. Wapo wanaozitilia shaka chembe hizo, na hata zikiwa sahihi hazisemi chochote kuhusu pombe, zinasema tu kwamba mtu wa kwetu huenda alikuwa anashughulika na mtama mapema kuliko ilivyodhaniwa. Lakini pale ramani inapokuwa nyeupe mimi nasoma "kimeoza", sisomi "hakikuwepo".

Dau langu liko kwa asali basi, Afrika, kwenye kibuyu. Wa upande wa nafaka karibuni mbishe, ila mnijibu kwanza la ule mkate wa Shubayqa.